Jina la Mtoto Juu ya Ngozi

Watoto wetu wa Riyadh na Jeddah husoma Kiarabu shuleni. Kiswahili aghalabu hukisikia nyumbani tu. Tumeona yafaa wazazi watengeneze nao vialamisho vya ngozi vya kuwekwa vitabuni, jina la kila mtoto lichorwe kwa mashine ya leza: upande mmoja herufi za Kilatini, wa pili za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa pwani.

Mawili twayasisitiza. Kwanza, ngozi iwe halisi, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, unene milimita 1.5 hadi 2. Ngozi bandia ya PVC isiingizwe kabisa: ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kuitia mashine kutu.

Pili, jina lisomwe kabla ya kuchorwa. Pandu akiandikwa kwa be huwa Bandu. Ahitaji pe yenye nukta tatu chini. Tena programu nyingine huzitenganisha herufi za Kiarabu na kuzipanga kinyume. Basi lichapisheni kwanza karatasini, na mzee ajuaye mwandiko huo alihakiki. Karatasi hutupwa, ngozi ikishaungua haifutiki, na mtoto asije akabeba jina lisilo lake.