Kabla ya Kuuliza Yako Wapi: Prof. Shukrani Manya na Elimu ya Namna Madini Yanavyozaliwa

Na Mwandishi Wetu, Liuli

Liuli, katika Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, ni mahali ambapo mtu hawezi kuyakwepa mawe hata akitaka. Jiwe la Pomonda limesimama ndani ya maji ya Ziwa Nyasa, na watawala wa Kijerumani waliiita bandari hii Sphinxhafen kwa sababu mwamba wake mmoja uliwakumbusha sanamu ya Sfinksi ya Misri. Ukiipa pwani kisogo, ardhi inapanda kuelekea milima ya Mbinga, na katika wilaya hiyohiyo ya Nyasa, upande wa Mpepo, wako wachimbaji wadogo wanaojipatia riziki kwa dhahabu.

Katika mazingira ya namna hiyo, swali ambalo mwananchi humuuliza mtaalamu ni fupi: je, hapa petu kuna madini? Mtaalamu wa jiokemia, yaani elimu ya kemia ya miamba na maji yapitayo ndani yake, hulianza jambo hilo kwingine. Yeye hutaka kwanza kujua mwamba ulitokana na nini, uliganda lini, ulipikwa upya katika joto la kiasi gani, na ni kitu gani kingeweza kuileta dhahabu, shaba au urani mahali hapo badala ya pengine. Tofauti ya maswali hayo ina gharama yake. Kijana anayefukua shimo kwa kufuata jiwe linalong'aa anaweza kuimaliza akiba ya nyumba nzima juu ya pairiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya dhahabu, ambayo thamani yake sokoni haifanani kabisa na rangi hiyo.

Miongoni mwa Watanzania waliojishughulisha na maswali hayo ni Prof. Shukrani Elisha Manya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wananchi wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza Desemba 2020, alipoteuliwa kuwa Mbunge na Naibu Waziri wa Madini. Katika fani yake, hata hivyo, alikuwa amekwisha kujulikana kwa miaka mingi kutokana na kazi yake juu ya miamba ya kale ya Kanda ya Ziwa, ile inayobeba sehemu kubwa ya dhahabu ya nchi hii.

Mwaka 2003, akiwa pamoja na Prof. Makenya Maboko, mtaalamu wa jiokemia wa chuo hichohicho, alichapisha katika jarida la kimataifa la Precambrian Research matokeo ya kupima umri wa lava ya mkanda wa miamba ya kijani wa Sukumaland. Jibu lilikuwa miaka milioni 2,823, likiweza kuzidi au kupungua kwa miaka milioni 44. Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, umri huo umejulikanaje ilhali jiwe halina cheti cha kuzaliwa.

Cheti kimo ndani ya jiwe lenyewe. Lava inapoganda hufungia ndani yake chembe kidogo za elementi iitwayo samari. Aina moja ya samari hugeuka polepole kuwa neodimi, kwa mwendo usiobadilika hata mwamba ukae kwenye baridi au kwenye joto, na mwendo huo ni wa taratibu kiasi kwamba nusu ya samari hiyo huhitaji miaka bilioni 106 kugeuka. Vipande mbalimbali vya lava moja huanza na viwango tofauti vya samari. Penye nyingi, neodimi mpya huongezeka zaidi. Mtafiti hupima vipande vingi, huweka vipimo vyake kwenye grafu, na vikijipanga katika mstari mmoja, mwinamo wa mstari huo ndio unaosema umri. Visipojipanga, ni dalili kwamba mwamba umeingiliwa na mambo mengine baada ya kuganda, na mtafiti mwaminifu hatangazi chochote.

Mwaka 2006 Manya na wenzake walihamia mkanda wa Musoma-Mara, safari hii wakitumia zirkoni, punje ngumu ndogo kama chembe ya mchanga. Zirkoni inapoumbika huipokea urani ndani yake lakini huikataa risasi. Risasi inayokutwa humo baadaye ni mtoto wa urani, na wingi wake huhesabika kama miaka. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Okayama cha Japani, wenye maabara yao Misasa. Mwaka uliofuata walieleza kemia ya lava fulani ya Musoma-Mara yenye magnesi nyingi isivyo kawaida, wakatoa hoja kwamba huenda ilitokana na tuta la chini ya bahari lililozama chini ya bamba jingine la ganda la dunia. Waliiacha hoja hiyo na alama ya kuuliza hadi kwenye kichwa cha makala yao, jambo ambalo mwandishi huyu analihesabu kuwa la heshima katika utafiti.

Mambo hayo ya kale yanamhusu nini mchimba dhahabu? Yanamhusu sana. Dhahabu haiko mwambani kama karanga ndani ya ganda. Ilisafiri. Maji ya moto kutoka kina kirefu, yenye salfa, huyeyusha dhahabu kidogo kidogo na kuipandisha kupitia nyufa. Maji hayo yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, kama lava ya kijani ya Geita au Tarime, salfa huiacha dhahabu na kushikana na chuma. Dhahabu, ikiwa imekosa kibebeo chake, hubaki hapohapo. Na salfa ikishikana na chuma, kinachozaliwa ni ile pairiti tuliyoitaja. Hivyo jiwe linalomdanganya mchimbaji mgeni ndilo mara nyingi jirani wa dhahabu halisi, na jicho haliwezi kuamua kesi hiyo. Maabara ndiyo inayoamua.

Kazi iliyokaribia zaidi upande wetu wa nchi ni ile ya Saza, katika eneo la dhahabu la Lupa, ambayo Prof. Manya aliichapisha kwa sehemu mwaka 2012 na 2014. Hapo alipima umri na kemia ya miamba iliyopenya kutoka chini na kuganda kabla ya kufika juu. Sababu yake inaeleweka hata bila grafu: mshipa wa dhahabu unaokata mwamba hauwezi kuwa mkongwe kuliko mwamba unaoukata. Ukijua umri wa mwamba, umeuwekea mshipa mpaka. Lupa imo katika mkanda wa Ubendi, unaoanzia kando ya Ziwa Tanganyika na kushuka kusini-mashariki hadi milima inayotazama Ziwa Nyasa. Upande wa Mbinga na Liuli pia miamba ya msingi ni ya kale na ya fuwele, iliyopikwa upya zaidi ya mara moja. Kwa sababu hiyo umri wa punje moja ya zirkoni huku unaweza kusimulia matukio mawili, moja katikati ya punje na jingine pembezoni mwake.

Ruvuma ina madini mengine yenye asili tofauti kabisa. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, ni mimea iliyozikwa katika mabonde ya enzi ya Karoo. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, imo katika mchanga mgumu wa enzi hiyo: maji yenye oksijeni huibeba urani ikiwa imeyeyuka, na yakifika penye mabaki ya mimea au pairiti, oksijeni huisha na urani huganda. Ziwa Nyasa nalo halijalala. Kina chake kinafikia takribani mita 700, na chini ya mita 250 hivi maji yake hayana oksijeni, hivyo chuma hukaa kimeyeyuka humo. Mwaka 1973 watafiti wa Ujerumani, G. Müller na U. Förstner, walieleza katika jarida la Mineralium Deposita jinsi madini ya chuma yanavyoumbika katika matope ya ziwa hili katika zama zetu hizi. Mvuvi wa Liuli hupiga kasia juu ya kiwanda ambacho hakijafungwa.

Prof. Manya alitoka maabara na kuingia utumishi wa umma katika kipindi kigumu cha sekta. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na kamati iliyoongozwa na mjiolojia mwingine, Prof. Abdulkarim Mruma, ikapewa kazi ya kuchunguza yaliyomo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka huo yaliunda Tume ya Madini na kupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Prof. Manya alikuwa Katibu Mtendaji wa Tume hiyo wakati masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa, la Geita likitangulia Machi 2019. Aliacha nafasi ya Naibu Waziri Januari 2022.

Katika soko la madini, mchimbaji huweka dhahabu yake mezani, hupimwa uzito na usafi, na bei pamoja na mrabaha hukokotolewa kutokana na vipimo hivyo viwili. Kipimo cha usafi kikipunjwa, mchimbaji ameibiwa na Serikali imeibiwa kwa mkono huohuo. Ndiyo maana haikuwa ajabu kumkuta mtu wa vipimo katika ofisi ya namna hiyo. Kinachosikitisha kidogo ni kwamba tafiti tulizozieleza ziko katika majarida ya Kiingereza, na mchimbaji wa Mpepo, ambaye zinamgusa mfukoni, hana namna ya kuzisoma.

Mwananchi wa Nyasa au Mbinga anayetaka jiwe lake lichunguzwe anaweza kuanzia Ofisi ya Afisa Madini Mkazi, Songea. Uchunguzi wa maabara hufanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma, ambayo chimbuko lake ni idara iliyoanzishwa mwaka 1925. Sampuli ichukuliwe kutoka mwamba mbichi, si ule uliooza kwa mvua na jua. Kila kipande kiwe na mfuko wake, kikiandikwa mahali kilipotoka, na vipande vya mashimo mawili visichanganywe. Anayevunja sampuli avue pete ya dhahabu, kwani chembe zake zikidondoka humo maabara itazihesabu. Kuchimba bila leseni ni kosa kisheria hata pale majibu ya maabara yanapokuwa mazuri, na leseni ndogo za uchimbaji hutolewa kwa Watanzania.