Kibaba na Mizani

Kila mwaka Ramadhani inapokaribia kwisha, wazazi wa wanafunzi wetu hutujia na swali moja: "Maalim, Zakatul-Fitri ni kilo ngapi?" Mmoja amesikia kilo 2 na kitu, wa pili 2 na nusu, wa tatu kilo 3, na kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa amekosea. Ndugu wasomaji, shaka hii mama wa nyumbani aweza kuipunguza sana kwa chombo kimoja na mizani ya jikoni.

Kwanza yatupasa kujua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakutaja uzito. Katika hadithi ya Ibn Umar, waliyoipokea Bukhari na Muslim, alifaradhisha sa'a moja ya tende au sa'a moja ya shayiri. Sa'a ni kipimo cha kujazwa, nayo ni muddi nne. Wazee wetu wa pwani waliifasiri sa'a kwa pishi, na muddi kwa kibaba. Naye Anas amesimulia kuwa Mtume alikuwa akitawadha kwa muddi moja ya maji, na akioga kwa sa'a moja hata muddi tano.

Basi kilo zimetoka wapi? Zimetoka kwa waliojaza chombo, kisha wakakipima kilichomo. Wala vyombo vyao havikulingana, wala nafaka zao. Twaeni chombo cha lita 1. Maji yake ni kilo 1. Mchele hupata kiasi cha gramu 800, sukari 850, na asali hukaribia gramu 1,400. Unga wa ngano uliochekechwa hupata kama gramu 500. Ukishindiliwa huzidi, na chombo ni kile kile. Ndiyo sababu mwenye kugeuza vikombe vya unga kuwa gramu kwa hesabu ya sukari, maandazi yake humharibikia.

Maandazi yakiharibika hasara ni yetu. Lakini katika Fitri hasara ni ya maskini. Shayiri ni nyepesi kuliko ngano. Atakayeshika uzito wa pishi ya shayiri, kisha akatoa ngano kwa uzito huo huo, pishi yake haitajaa.

Fanyeni hivi. Pimeni chombo kitupu, mwandike uzito wake. Kijazeni bila kukitikisa wala kushindilia, mpitishe mgongo wa kisu juu yake. Hicho ndicho kibaba cha mfuto, si cha tele. Pimeni tena, mtoe uzito wa chombo. Andikeni jibu katika karatasi, mlibandike jikoni. Mkibadili nafaka, pimeni upya. Na kwa Fitri, waulizeni masheikh wenu ukubwa wa sa'a, nanyi mkiwa na shaka zidisheni kidogo. Tena kumbukeni kuwa kwa madhehebu ya Shafii hutolewa nafaka nzima, wala unga hautoshi.

Sura ya 83 katika Qurani imepewa jina la wapunjao, nayo yataja kujaza na kupima kwa mizani pamoja. Wahenga nao walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba tunayoipunguza bila kujua, nayo pia hukusanyika, na mwenye kuidai ni yule asiye na chakula siku ya Idi.