UTI: kibofu kina askari wake, tusiwavunje nguvu



Ukipanda basi Morogoro kwenda Iringa au Ifakara, kuna kipande cha barabara cha kilomita kama 50 kinachokatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Humo hakuna kushuka kuchimba dawa, maana wenyeji wa hapo ni tembo na simba. Abiria wanalijua hilo, hasa kina mama, kwa hiyo tangu alfajiri hawagusi maji, na aliyekunywa anabana mpaka Mikumi mjini. Huku Kilosa nako mkulima anashinda juani bila kidumu cha maji, na binti wa shule anabana mkojo kutwa nzima kwa kuogopa choo kichafu.

Baada ya muda mkojo unaanza kuchoma, mtu anakwenda haja ndogo kila mara na kutoa matone, tumbo la chini linauma. "Nina UTI," anasema, na kwenda duka la dawa kununua sipro vidonge vinne. Keshokutwa akipata nafuu, anaacha. Mwezi ukiisha ugonjwa umerudi.

Kwa nini unarudi? Tuanze na ulinzi aliouweka Mwenyezi Mungu katika kibofu. Ulinzi wa kwanza ni mkojo wenyewe, ambao kila unapotoka unafagia bakteria waliopanda kwa njia ya mrija. Ndani ya mkojo pia mna protini inayotengenezwa na figo, kazi yake kuwanasa bakteria kabla hawajashika ukuta. Bakteria anayeleta sehemu kubwa ya maradhi haya ni Escherichia coli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo mkubwa. Ana vinyweleo vya kung'ang'ania. Akishika, seli za kibofu zinapiga mbiu, na chembe nyeupe za damu zinamiminika kupigana. Hizo ndizo "seli za usaha" unazoziona zimeandikwa kwenye karatasi ya maabara. Vita ikiwa kali, ukuta wa kibofu unajivua ngozi yake ya juu pamoja na bakteria walioishika, vyote vikatoka na mkojo.

Wanaosomea kinga ya mwili, wakiwemo wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaotumia miaka kuchunguza vibofu vya panya, wamekuta jambo la ajabu. Surua ukiugua mara moja, mwili unaikumbuka maisha. Kibofu hakina kumbukumbu nzuri namna hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha katika panya kwamba zipo chembe za kinga ambazo, baada ya vita kuanza, hutoa kemikali ya kuipoza ili ukuta usiharibike, na kwa sababu hiyo kingamwili zinazotengenezwa ni chache. Mwaka 2020 wakaongeza kwamba maambukizi yakijirudia, mwili unakimbilia kukarabati ukuta kabla bakteria hawajaisha. Ni sawa na fundi kupiga lipu nyumba na mwizi angali chumbani. Na kweli wapo wanaojificha ndani ya seli za ukuta, kisha wakatoka baadaye. Kwa mwanamke kuna la ziada: mrija wake una sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume unafika kama 20, kwa hiyo safari ya bakteria ni fupi.

Basi askari hawa wanahitaji dawa iwasaidie pale inapohitajika kweli. Hapo ndipo tunapoharibu. Utafiti wa HATUA uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda (kwetu ulikuwa Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro), na matokeo yake kutolewa mwaka 2024, ulipima watu zaidi ya 7,500 waliofika kutibiwa wakiwa na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa maabara, waliothibitika walikuwa kama 35 tu katika kila 100. Na kwa upande wa Tanzania, kati ya hao waliothibitika, kama 6 kati ya 10 walikuwa na bakteria sugu kwa aina nyingi za dawa. Hayo ndiyo matunda ya vidonge vinne vinne.

Kwa watoto mfano uko jirani zaidi, Ifakara, ambako ukifika Mikumi unakata kushoto. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa huko na Dar es Salaam. Wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. UTI ilikutwa kwa takriban 6 kati ya 100. Kwa hiyo ile kauli ya "ana malaria na UTI" kwa kila mtoto anayechemka haina msingi bila kipimo. Upande wa pili, hao 6 wapo, na mtoto mchanga hawezi kusema mkojo unamchoma. Homa isiyoeleweka ipimwe na mkojo pia.

Unapopeleka mkojo, nawa kwanza, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati katika chombo safi ulichopewa maabara. Chupa ya soda haifai. Dawa ikirudiwa bila mafanikio, uliza kama mkojo unaweza kuoteshwa hospitali kubwa. Na damu kwenye mkojo wa kijana anayeoga mtoni au anayeshinda kwenye majaruba ya mpunga isiitwe UTI kabla ya kupima kichocho, ambacho dawa yake ni nyingine kabisa.

Kuhusu kinga: katika utafiti wa mwaka 2018, wanawake 140 waliozoea kunywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara waligawanywa makundi mawili. Walioongeza lita moja na nusu kila siku waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, wenzao mara 3.2. Katika Ramadhani, gawa maji yako kati ya futari na daku. Kina mama, istinjaa ianze mbele kwenda nyuma, wala msioshe ndani kwa sabuni au manukato. Kwenda haja ndogo baada ya tendo la ndoa ni jambo jema. Kubana nako tukuache. Katika hadithi iliyomo Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuswali huku amebanwa na haja, sembuse kukaa hivyo kutwa nzima.

Homa na kutetemeka, maumivu ya kiunoni na kutapika ni dalili kwamba ugonjwa umefika kwenye figo. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito apimwe mkojo kliniki hata kama hasikii maumivu, kwani UTI iliyojificha inaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati.

Aliyetokwa na matone asiyoweza kuyazuia asiache swala. Ajisafishe, aweke kitambaa, atawadhe wakati wa kila faradhi ukishaingia, kisha aswali.