Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Mfano wa Dar es Salaam na Tanga

Tangazo la safari ya ndege kwa kawaida hutaja namba mbili: umbali na muda. Namba hizo zaweza kuwa sahihi kabisa na bado zikampotosha msafiri, hasa yule asiyeishi jirani na kiwanja. Tuchukue mfano wa mkazi wa Bagamoyo anayekwenda Tanga.

Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi kiwanja cha Tanga ni takriban kilomita 200 kwa mstari mnyoofu. Marubani huupima umbali huo kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852. Kwa hiyo ukikuta imeandikwa 108, usidhani ni kilomita. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa huumaliza kwa dakika 40. Upepo nao una sehemu yake. Majira ya kusi, upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiisukuma ndege kutoka nyuma, muda hupungua hadi dakika 36 hivi. Majira ya kaskazi, upepo wa nguvu hiyohiyo ukiikabili, hufika 44. Manahodha wa majahazi wa Bagamoyo waliijua hesabu hii zamani, ingawa wao walihesabu kwa siku.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni mrefu zaidi, kwa kuwa huanza ndege inapoondoka maegeshoni na kuisha inaposimama kule iendako. Aidha, ndege ndogo huenda ikatua kwanza Unguja au Pemba, na kila kituo huongeza muda.

Sasa turudi kwa mkazi wetu. Tanga iko kaskazini mwake, kilomita 150 hivi kwa mstari mnyoofu, lakini mji wake hauna safari za ndege za ratiba. Yampasa kwanza ashuke kusini takriban kilomita 70, apite Bunju, Tegeta na Mwenge penye foleni, avuke jiji, asubiri kiwanjani, ndipo aruke kurudi kaskazini hadi usawa wa mji alikotoka na kuupita. Dakika 40 za tangazo zaweza kuwa saa tano. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata, yenye kilomita 64, humfikisha kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera, na basi laweza kumfikisha Tanga kwa muda usiotofautiana sana, tena kwa nauli ndogo. Kwa anayeishi Kipawa au Ukonga, hesabu ni nyingine kabisa, na huenda ndege ikamfaa.

Kabla ya kulipa, uliza iwapo ndege inakwenda moja kwa moja, inaondokea jengo lipi la abiria, mwisho wa kuripoti ni saa ngapi, na uzito wa mizigo unaoruhusiwa, ambao kwa ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15 tu. Omba majibu kwa maandishi na uyatunze pamoja na tiketi. Ukilazimika kulalamika, hayo ndiyo yatakayokuwa ushahidi wako.