Nyoka Bandani: Anza na Panya

Mfugaji mwenzangu, ukiona mayai yanapungua bila hata ganda, au vifaranga wanapotea bila damu wala manyoya, shuku nyoka.

Vijana wengi huniuliza dawa ya kumwaga. Mafuta ya taa na vitunguu saumu mimi siviamini: harufu inaisha, nyoka anarudi. Anafuata panya, na panya wanafuata pumba zilizomwagika. Kwa hiyo weka chakula kwenye pipa lenye mfuniko, na fagia mabaki kila jioni.

Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa, nyoka mwembamba anapita tu. Funga wavu mgumu wa robo inchi, madirishani pia, na uzike ncha ya chini ardhini sentimita 30. Ziba nyufa, hata chini ya mlango. Fyeka majani kuzunguka banda, ondoa marundo ya kuni na matofali.

Okota mayai kabla ya giza. Usiku usitie mkono kwenye kiota bila kumulika tochi. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali. Nyoka akikuuma, usichanje wala usifunge kamba, wahi hospitali. Kuku utapata wengine.