Kwa Nini Dozi ya Dawa ya Kisukari Hubadilishwa Uzeeni

Mtahiniwa, usiikariri tu mada ya udhibiti wa sukari katika damu. Itumie kueleza jambo linaloweza kutokea nyumbani kwenu.

Baada ya mlo, glukosi huongezeka katika damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoziwezesha seli kuchukua glukosi na ini kuihifadhi kama glaikojeni. Katika kisukari cha aina ya pili, seli haziiitikii insulini ipasavyo. Vidonge kama glibenklamaidi huchochea kongosho litoe insulini zaidi.

Chukua mfano wa bibi wa miaka 76 anayeishi Kamachumu, wilayani Muleba. Alianza kidonge hicho akiwa na miaka 58, alipokuwa akimaliza sahani nzima ya ndizi na maharage. Dozi ni ileile, lakini mwili si uleule. Kwanza, figo zake zimedhoofu, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Pili, siku hizi hula kidogo, ilhali dawa huendelea kuchochea insulini hata tumbo likiwa tupu. Sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita.

Ubongo hutegemea sana glukosi. Dalili ni kutetemeka, kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, kuanguka na hata kuzimia. Hatari ni kwamba jamaa husema, "Ni uzee tu." Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa glibenklamaidi haiwafai wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Nini kifanyike? Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari. Akizimia, asinyweshwe kitu. Awahishwe hospitali, kwa Kamachumu ile ya Ndolage. Huko daktari hupima sukari na utendaji wa figo, huuliza anavyokula, kisha hupunguza dozi au hubadilisha dawa. Familia isipunguze wala kusimamisha dawa yenyewe, kwani sukari ikipanda sana nayo huua.

Kumbuka: lengo la tiba kwa mzee si kushusha sukari kadiri iwezekanavyo, bali kuiweka mahali salama.

Zoezi: Eleza sababu mbili zinazofanya dozi iliyomfaa mtu akiwa na miaka 58 imdhuru akiwa na miaka 76. Taja figo na chakula; kila sababu ihusishe na kiwango cha glukosi katika damu.