Kijiji Kimoja, Majina Matatu

Nilipokifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha Jean Fourastié, mwanauchumi wa Ufaransa, kilichochapishwa mwaka wa 1979, nilikuta mwandishi akilinganisha vijiji viwili. Madère ina watu 534. Wenye kazi ni 279, na 208 miongoni mwao ni wakulima, ilhali matrekta ni mawili tu. Robo tatu ya matumizi ya watu huishia katika chakula, na sehemu kubwa ya chakula chenyewe ni mkate na supu ya mboga. Cessac ina watu 670, wakulima 53, matrekta yapata 40. Nikadhani, kama alivyotaka nidhani, kwamba cha kwanza kiko katika nchi maskini na cha pili katika nchi tajiri.

Kumbe ni kijiji kimoja! Ni Douelle, kando ya mto Lot karibu na mji wa Cahors: mwaka wa 1946, kisha mwaka wa 1975.

Douelle haikuwa ngeni kwa misukosuko. Zamani mashua zilishuka mtoni zikiwa na mapipa ya mvinyo hadi Bordeaux. Reli ikaja ikaziua. Katika karne hiyo hiyo ya 19, mdudu wa filoksera akaila mizizi ya mizabibu, na baridi kali ya mwaka wa 1956 ikaiteketeza iliyopandwa upya. Mvinyo wa Cahors ulipewa hadhi rasmi mwaka wa 1971 tu.

Wapo wanaoshikilia kuwa kijiji kikipoteza wakulima kimekufa. Mimi sikubaliani nao. Douelle ilipoteza wakulima 155 na bado ikaongezeka watu, kwani waliobaki walivuna zaidi kwa mikono michache, na kazi za ofisini, za dukani na za huduma zikazidi.

Hata hivyo, hesabu hiyo naisoma kwa tahadhari. Jedwali halisemi ni nani aliyeuza ng'ombe wake wa kulimia, wala ni mzee gani aliyeng'oa mizabibu iliyokufa kwa baridi akiwa hana nguvu ya kupanda tena. Fourastié hakuwa mgeni wa mambo hayo. Jamaa zake walitoka Douelle, na aliijua tangu enzi ya mkate na supu.